Jibu la Limi

Kwenye barabara ya vumbi itokayo Biharamulo kwenda Ngara, kabla hujafika Nyakahura, palikuwa na geti. Halikuwa geti la polisi wala la ushuru. Lilikuwa banda refu la mabati, lenye giza ndani, na kila gari lililotoka porini lilisimama humo huku watu wawili wenye nyavu ndogo za mpini wakilizunguka na kukamata mbung'o waliojificha chini ya bodi na nyuma ya matairi. Baiskeli nazo zilipitia humo. Hata mwenye miguu aligeuzwa mgongo akakaguliwa. Mmoja wa watu hao wawili, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa Mayunga.

Abiria wenye haraka walimkejeli.

"Mzee, serikali inakulipa kufukuza nzi?"

"Nzi wa kwenu hana neno," Mayunga angejibu bila kuinua kichwa. "Huyu wangu akikuuma utalala mpaka mkeo aolewe na jirani."

Gari zima lingecheka, na mwenzake Laurian angecheka kuliko wote, ingawa aliusikia utani ule kila juma.

Lakini moyoni Mayunga hakuwa na utani na mbung'o. Kaka yake, Ndassa, alikufa kwa malale mwaka ule familia yao ilipohama na ng'ombe kutoka Shinyanga. Ndassa alianza kulala mchana na kuzurura usiku. Kisha akawa mkali, akacheka peke yake, akapiga mayowe kila alipoguswa mguu. Wazee wakasema ni mashetani ya ukoo. Walimfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba, wakachinja mbuzi mweupe, halafu mweusi, na siku alipofikishwa hospitali daktari aliwauliza wamemleta ili afanywe nini. Wakati huo Mayunga alikuwa na miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyeagizwa kuikaza ile kamba.

Baada ya mazishi alibatizwa, akajifunza Kiswahili na kusoma katika darasa la watu wazima, akaomba kazi ya mbung'o. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za waganga wa kienyeji. Alizishika dalili za malale kama Mkristo anavyoshika amri kumi, na pale getini, watu wakisubiri gari limalize kukaguliwa, aliwatazama mmoja mmoja. Akimwona mtu anasinzia jua likiwa utosini, alimsogelea na kumgonga taratibu kwenye mfupa wa mguu. Mtu akiruka kwa maumivu, alimwambia aende hospitali siku ileile. Kadhaa walipona. Sifa yake ikafika Kaniha na Kanazi, na watu wakamwita Mzee wa Mbung'o akiwa hajatimiza hata miaka arobaini.

Mkewe aliitwa Limi. Kiswahili hakukijua zaidi ya salamu, wala hakuona shida, kwa kuwa shamba, ng'ombe na Mungu vyote vilimwelewa kwa Kisukuma. Walizika watoto wawili wachanga kabla ya kumpata Ernesta mwaka wa 1971.

Ernesta alikuwa mzuri wa sura, mwenye macho makubwa ambayo hayakutua usoni pa mtu. Hakuita baba wala mama. Ukimwambia "njoo ule," alirudia "ule, ule, ule" kwa sauti ya wimbo, akaendelea na lake. Lake lilikuwa kupanga maharage kwenye sakafu ya udongo, mstari mrefu ulionyooka kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga, na kuku akiharibu mstari, mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikula viazi vitamu vitupu. Hakukubali kusukwa nywele, hivyo Limi alimnyoa akiwa amelala, mchana, maana usiku mtoto yule alikuwa macho, akizunguka nyumba akiimba.

Mwaka wa 1974 zilipokuja siku za vijiji vya ujamaa, nyumba yao ya zamani ilibomolewa nao wakahamishiwa kijiji kipya kando ya pori. Ernesta alikuwa na miaka mitatu. Majirani wapya walimwona, wakanong'ona, kisha wakamzoea. Mayunga hakupenda minong'ono ile. Alisema mtoto ni mkaidi tu, atakua.

Alipotimiza miaka saba ikatoka amri kwamba kila mtoto aandikishwe shule. Baada ya juma moja mwalimu Modestus alimrudisha mwenyewe, akimtanguliza kwa fimbo ndogo bila kumgusa.

"Shikamoo, Mzee Mayunga. Nimemleta bibi yenu."

"Marahaba, mwalimu. Amevunja nini?"

"Hajavunja kitu. Analala darasani kama gunia la pamba. Nikimshika bega anapiga mayowe mpaka darasa la tatu wanatoka nje wakidhani ni nyoka. Akinyamaza, anacheka peke yake. Mzee, mimi si daktari, lakini huyu si wa shule. Ni wa hospitali."

Mayunga alisimama na mkono wake kwenye kizingiti. Analala mchana. Yuko macho usiku. Hataki kuguswa. Anacheka peke yake. Mambo yale aliyaona kila siku nyumbani kwake, lakini kinywani mwa mgeni yalijipanga kama alivyozoea kuyapanga yeye kwa watu wengine kule getini. Na ni dhambi kulisema, lakini Mungu alimwona: alifurahi. Ukaidi hauna dawa, wala laana haina. Malale yana sindano.

Limi hakufurahi.

"Mtu mgonjwa hubadilika," alisema jioni, akimenya viazi. "Huyu amebadilika lini?"

"Wewe unashinda naye, huwezi kuona."

"Nisione mimi, uone wewe unayeshinda na magari?"

"Mama Ernesta, kazi hii naijua."

"Kazi unaijua," alisema Limi. "Mtoto namjua mimi."

Mama yake Limi alikuja kutoka Kaniha akashauri mtoto apelekwe kwa mganga mmoja wa kike, asikilizwe. Mayunga alimjibu mkwewe kwa adabu zote, ila alimjibu kwamba kaka yake alifungwa kamba na watu wa namna hiyo, na mtoto wake hatafungwa. Bibi yule alijifunga khanga yake, akaondoka bila kumaliza uji.

Basi shauri la kwenda hospitali likawa limekatwa, na hapo vita vikaingia. Malori ya jeshi yalipita kwenda kaskazini bila kusimama bandani, moja baada ya jingine, na vumbi lake likawafunika Mayunga na Laurian mpaka kope.

"Wasimamishe, mzee," Laurian alimchokoza. "Waambie wana mbung'o."

"Wasimamishe wewe, una miguu mizuri ya kukimbia."

Magari ya abiria yakaadimika. Ilipofika Februari ndipo Mayunga alipopata nafasi kwenye lori la pamba. Limi alimbeba Ernesta mgongoni, mtoto wa miaka saba na miguu ikining'inia, kwa sababu mgongo wa mama yake ndio mahali pekee alipokubali mwili wake uguse mwili wa mtu, na hata hapo ni pale tu alipokuwa amelala.

Hospitali waliikuta haina daktari. Daktari mkubwa alikuwa amechukuliwa na jeshi, pamoja na mpima damu mwenye uzoefu. Aliyebaki ni msaidizi wa daktari, kijana wa Kihaya aitwaye Xavery, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimpokea Mayunga kwa heshima kubwa, kwani jina lake alilikuta kwenye vyeti vya wagonjwa wengi.

Damu ilipimwa siku tatu mfululizo.

"Haina kitu, mzee."

"Wadudu hujificha, mwanangu. Nimeona watu damu safi, mgongoni wamejaa."

"Ni kweli. Hata vitabu vinasema."

"Daktari angekuwepo angetoboa mgongo."

Xavery akafikiri, akakubali. Watu wanne walimshika Ernesta. Alipigana kama mnyama aliyenaswa, na maji yaliyotoka mgongoni yalikuwa na wekundu. Xavery aliinama kwenye darubini muda mrefu sana. Alisema wadudu hajawaona, ila maji si safi kama yanavyotakiwa kuwa. Kisha akafanya jambo ambalo lingeweza kumwokoa mtoto. Alimgeukia Limi, aliyekuwa amekaa sakafuni mtoto akihema mapajani mwake.

"Mama, mtoto alianza lini kuwa hivi?"

Xavery hakujua Kisukuma. Alimtazama Mayunga, na Mayunga akalitafsiri swali vizuri.

Limi alijibu kwa urefu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, kwa hiyo alianzia mwanzo, siku mtoto alipozaliwa, akaeleza kwa sauti ya chini na kwa mikono, akionyesha alivyomshika, mtoto alivyogeuza uso. Alisema mara tatu kwamba hayakuanza baada ya kuhama, kwamba alikuja nayo duniani. Alipomaliza alimtazama Xavery, si mumewe, kama mtu aliyekabidhi mzigo.

Mayunga alisema, "Anasema ni tangu tulipohamia karibu na pori."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Wanawake huanzia mbali."

Xavery alitabasamu kwa uchovu, akaandika.

Wala Mayunga hakujihesabu kuwa amesema uongo. Alijiambia amemsahihisha mtu asiyejua, kama alivyowasahihisha abiria wanaodai wameumwa na nyuki. Mtoto akiwa amezaliwa hivyo, basi hakuna ugonjwa, na pasipo ugonjwa hakuna dawa, na lile hakuwa tayari kulibeba hadi nyumbani.

"Mzee, dawa ya malale yaliyofika kichwani ni kali," Xavery alisema. "Inaunguza mshipa. Katika watu ishirini, mmoja inaweza kumuua yenyewe."

"Na malale yasipotibiwa?"

"Hayaachi mtu."

"Basi mchome."

Walimfunga mkono kwenye ubao ili asiutikise. Mayunga ndiye aliyekaza bendeji. Sindano ya kwanza alilia. Ya pili alilia. Kesho yake ya tatu hakulia, na Mayunga alimwambia mkewe, unaona, ametulia. Jioni homa ikapanda, mwili ukaanza kukakamaa na kutetemeka, macho yakageuka. Xavery alikesha naye siku mbili, akimpa kila kilichobaki kabatini, na kilichobaki kilikuwa kidogo.

Ernesta alifariki siku ya Ijumaa, kabla ya misa ya asubuhi. Limi alimshika kifuani. Tangu azaliwe mtoto yule hakuwahi kukubali kushikwa akiwa macho, na sasa macho yake yalikuwa wazi na hakukataa.

Gari la kuwarudisha halikupatikana. Walimzika katika makaburi ya misheni, wao wawili, wageni mahali pale, na katekista na wagonjwa watatu walioweza kutembea. Huko nyumbani Mayunga aliwaambia watu, "Malale yamemchukua, kama yalivyomchukua kaka yangu." Maneno hayo yalimshika asianguke. Alirudi kazini akawa mkali kuliko mwanzo, akamkemea Laurian kwa mbung'o mmoja aliyetoroka, akawagonga watu miguu hadi wakamkwepa.

Vita vikaisha. Katikati ya mwaka daktari mkubwa alirudi, amekonda, akaanza kusoma vyeti vya waliofia mikononi mwa msaidizi wake. Akatuma habari kwa wazazi wa Ernesta waje, kama wanaweza.

Walikwenda. Mayunga alidhani ni jambo la cheti cha kifo. Chumbani alikuwepo daktari, alikuwepo muuguzi mmoja aitwaye Odeta, na Xavery alisimama karibu na mlango. Daktari aliwapa pole, kisha akamwinamia Limi.

"Mama, naomba unieleze. Mtoto alianza lini kuwa vile?"

Mayunga alifungua kinywa.

"Asante, mzee. Wewe pumzika," daktari alisema. "Sista amezaliwa Mwanza. Atamwuliza yeye."

Odeta akauliza kwa Kisukuma. Limi alimtazama mumewe kwanza. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayetaka kujua kama mlango umefungwa. Kisha akajibu, na maneno yakawa yaleyale ya Februari, na Odeta akayatoa moja baada ya jingine kwa Kiswahili, bila kuruka hata moja.

"Anasema, alipomzaa, mtoto alinyonya akitazama ukuta. Anasema watoto wengine humtafuta mama kwa macho, huyu hakumtafuta. Akimbeba kwa mbele alijinyoosha kama ubao. Anasema alichelewa kukaa lakini hakuchelewa kutembea. Hakulala usiku tangu mchanga, kule kijiji cha zamani, kabla ya kuhama. Anasema hajawahi kuwa mwingine akabadilika. Anasema..." Odeta alisita. "Anasema haya yote alishayasema hapahapa, akiwa amekaa pale chini."

Hakuna aliyemgeukia Mayunga. Ingekuwa heri kama wangemgeukia.

Daktari alifunga jalada. Alisema mtoto hakuwa na malale. Wekundu ule katika maji ya mgongo ulikuwa damu yake mwenyewe, iliyoingia kwa sindano kwa sababu alikuwa akipigana.

"Alikuwa anaumwa nini?" Mayunga aliuliza.

"Hakuwa anaumwa, mzee. Wako watoto wanaozaliwa hivyo. Wana namna yao. Vitabu vimewapa jina, ila jina hilo halina dawa, na si ugonjwa wa kuua."

"Angeishi?"

"Angeishi. Angekuwa vilevile, lakini angeishi."

Xavery alikuwa akitazama viatu vyake. Limi alimvuta Odeta mkono, amweleze kilichosemwa.

"Nitamwambia mimi," Mayunga alisema.

Odeta alimtazama daktari.

"Mwambie wewe, sista," alisema daktari.

Njiani Limi hakulia wala hakulaani. Walipoanza kuyaona mabati ya kijiji ndipo aliposema, akitazama mbele, "Yule mganga uliyemkataa, huanza kwa kumuuliza mama." Hakulirudia tena neno hilo maisha yake yote. Alimpikia, alimfulia, alikaa naye kanisani benchi moja. Ila tangu siku hiyo, Mayunga alipomwambia jambo, alingoja kidogo kabla ya kuitikia, kama anayesubiri alisikie kwa mtu mwingine.

Mayunga alikwenda kuungama. Padre alimwambia hakukusudia, na Mungu hamhesabii mtu kosa la upendo.

"Padre, nilikusudia," alisema. "Nilimsikia alichosema. Nilimsikia vizuri."

Padre akampa rozari tatu na kumwondolea dhambi. Mayunga alisali rozari tatu, na tatu nyingine, na za mwaka mzima. Aliamini kwamba amesamehewa, kwa kuwa Kanisa lilisema hivyo. Lakini msamaha ulikaa mahali fulani juu, naye alibaki chini alipokuwa.

Kisha likaja lile lililo baya zaidi. Siku moja getini alimsogelea kijana aliyesinzia juu ya baiskeli yake, akanyoosha mkono kumgonga mguu, mkono ukaishia hewani. Alianza kuwawaza wale wengine. Waliopona hawakumsumbua. Walimjia wale waliokwenda hospitali kwa neno lake na hawakurudi. Nani aliwauliza mama zao? Je, wote walikuwa na malale, au wengine walikuwa na dalili zinazofanana nayo tu machoni pa mtu aliyekuwa na haraka ya kuyaona?

Mmoja wao alimjia zaidi, kijana wa Kaniha aitwaye Habimana, mtoto wa mama wa Kinyarwanda aliyekimbilia huku na watu wake miaka ya nyuma. Mayunga alimwona sokoni mwaka wa 1976, akisinzia karibu na mama yake, akamgonga, naye akapiga kelele. Alikufa katika sindano ya nne.

Jumapili moja, baada ya misa, Mayunga alikwenda Kaniha kwa miguu. Alikuwa na swali moja tu, na alilirudia njia nzima ili asilisahau. Hakumwambia Limi.

Nyirabahizi, mama yake Habimana, alimtambua akiwa bado kwenye migomba. Alitoka mbio, akifuta mikono.

"Mzee wa Mbung'o. Karibu, karibu sana. Leo nimekumbukwa."

Alimkalisha kwenye kiti chake cha pekee. Aliwaita majirani wawili wa kike waje wamsalimie. "Ndiye huyu," aliwaambia. "Ndiye aliyeujua ugonjwa wa mwanangu." Kisha akamgeukia. "Mzee, hukujua ulichonifanyia. Watu hapa walikuwa wanasema nimemroga mtoto wangu mwenyewe, mkimbizi nimekuja na uchawi wa kwetu. Walitaka kunihamisha kijijini. Wewe ulipotoa jina la ugonjwa, na hospitali wakaliandika kwenye karatasi, midomo ikafungwa. Karatasi ninayo. Nalala kwa amani."

"Mungu apewe sifa," Mayunga alisema.

Akaletewa ndizi zilizopikwa na maharage, sahani imejaa. Majirani wakaaga. Mayunga alishika kijiko. Swali lilikuwa pale mdomoni.

"Mama," alisema, "Habimana alikuwa mtoto wa namna gani alipokuwa mdogo?"

Uso wa Nyirabahizi ukang'aa. Inaonekana hakuna aliyemuuliza hilo kwa miaka mingi.

"Habimana wangu," alisema, na akacheka. "Alikuwa na vituko vyake yule. Hakusema neno mpaka alipofika miaka sita, na alipoanza alisema kama redio, maneno ya watu wengine. Usiku halali, tangu mchanga, mimi na yeye tunatazamana na mwezi. Na kumkumbatia, usijaribu. Bibi yake alikuwa anasema mtoto huyu ametengenezwa kwa miiba." Alimsogezea maji ya kunywa. "Kwa nini unauliza, mzee?"

"Nilitaka kumkumbuka vizuri," alisema Mayunga.

"Mungu akubariki. Kula basi, mbona huli?"

Mama yule alikaa kwenye mkeka mbele yake, mikono magotini, akimtazama kwa shukrani. Mayunga akala. Alikula ndizi zote na maharage yote, kijiko baada ya kijiko, kwa maana kama angebakiza, angeulizwa kuna nini.